KAMBA WA KULA AU KAMBA YA KUTUFUNGA?



Liko neno limeanza kupita katika maofisi na katika vikao vya wakubwa, nalo linapita kwa upole kama paka aendaye jikoni. Neno lenyewe ni hili: kwamba ikiwa tunataka kufuga kambamiti katika pwani yetu, kutoka Moa hadi Msimbati, hakuna haja ya kujisumbua na mambo ya mbegu. Mbegu, wanasema, iko tayari. Inauzwa. Inatiwa katika mifuko yenye maji na hewa, inapanda ndege, inashuka Dar es Salaam, unaimimina bwawani, na baada ya miezi michache unavuna na kuhesabu dola. Kwa nini basi taifa masikini lipoteze fedha zake kufuatafuata nasaba za kamba?

Nasema neno hilo ni la hatari, tena hatari yake ni kubwa kwa sababu linafanana na akili.

Nilikuwa Nyamisati kwa kazi ya Chama. Baada ya mkutano tulikaa chini ya mwembe, nikawaeleza wazee habari za kamba mweupe wa kigeni anayekua upesi na kuwatajirisha watu wa Asia. Mzee mmoja, mvuvi tangu utoto wake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyo kamba wako nikimnunua akazaa kwangu, watoto wake ni wangu au ni wa yule aliyeniuzia?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tumjue huyo anayesifiwa. Wataalamu wanamwita Penaeus vannamei. Kwao ni ukingo wa mashariki wa Bahari ya Pasifiki, toka Mexico mpaka kaskazini ya Peru. Mwaka 2020 alifugwa duniani kiasi cha tani milioni 5.8, hakuna mnyama wa majini aliyefugwa kwa wingi kumpita. Lakini ukitaka wazazi wake walio bora, huendi Mexico wala Peru. Unaelekezwa Hawaii, au Florida. Imekuwaje mtoto wa Mexico akawa na hati ya kuzaliwa ya Hawaii?

Ilikuwa hivi. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha kwa mpango wa kufuga kamba wa baharini. Wataalamu wakakusanya kamba wazazi kutoka nchi za Amerika ya Kilatini, wakawatenga peke yao, wakawapima maradhi tena na tena, wagonjwa wakatupwa, wazima wakawekwa. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990, Taasisi ya Oceanic huko Hawaii ilikuwa na kundi la kamba lisilo na maradhi yaliyoandikwa katika orodha yao. (Na hiyo Hawaii yenyewe, tusisahau, ilikuwa na malkia wake mpaka alipopinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 ikatiwa ndani ya Marekani. Mbegu ya Mexico, katika ardhi ya Wahawaii, funguo mfukoni mwa Mmarekani!)

Kisha wakaanza kuchagua. Walifanya koo nyingi, kila ukoo mama mmoja na baba mmoja. Watoto wa kila ukoo walilelewa mbali na wengine mpaka wakafikia ukubwa wa kudungwa rangi mkiani, rangi inayokaa ndani ya nyama na kuonekana kwa nje, ili kila kamba ajulikane ni mtoto wa nani. Hapo ndipo wanachanganywa wote katika maji mamoja na chakula kimoja, na siku ya kuvuna wanapimwa. Ukoo uliokua vizuri unapewa nafasi ya kuzaa. Ukoo uliodumaa unakwenda sokoni. Mwaka unaofuata, vivyo hivyo. Kila kizazi uzito unapanda kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Kidogo hicho ukikiweka juu ya kidogo kingine kwa vizazi kumi, umepata mnyama ambaye babu yake asingemtambua.

Je, hapo pana uchawi gani? Bibi zetu walifanya nini walipochagua gunzi lililojaa vizuri wakalitundika juu ya moshi wa jikoni, lisiliwe hata njaa ikiuma? Walichagua mbegu. Kilichowapungukia ni daftari. Mwalimu yeyote aliyepita chuoni anajua kuandika daftari la mahudhurio: jina, baba, darasa, alama. Kazi ya kuchagua kamba, ukiondoa matangi na darubini, ni daftari la namna hiyo hiyo lisilopotea, likiandikwa kila siku na mtu asiyelala. Wanaotuambia kwamba Mwafrika hataliweza wanatutukana, hata kama wanatutukana kwa Kiswahili.

Simlaumu Mmarekani kwa kufanya kazi. Alitoa fedha yake, akakesha, akavuna. Lawama yangu ni kwa yule anayetaka sisi tuwe wanunuzi wa milele, tena tushukuru.

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Kamba jike mmoja wa aina hii hutaga mayai laki moja na zaidi kwa usiku mmoja. (Vituoni humharakisha kwa kumkata kikonyo cha jicho moja, maana ndani ya kikonyo hicho imo tezi inayozuia mayai kukomaa. Wasomaji wenye huruma wanisamehe, ndivyo biashara ilivyo.) Kwa mayai laki moja, mtu mwenye kituo cha kutotolea angeweza kununua kamba wachache mara moja tu katika maisha yake, akajizalia mwenyewe wajukuu na vitukuu bila kurudi dukani. Muuzaji analijua hilo. Kwa hiyo anafanya nini? Anakuuzia kamba waliotoka katika koo chache, waliopangwa kwa hesabu, hata watoto wao wote wakawa ndugu wa karibu. Watoto hao wanakua vizuri sana, hutamlaumu. Lakini ukiwaacha wakazaliana wenyewe kwa wenyewe, kaka na dada, unapata wajukuu waliodumaa, dhaifu, wanaokufa upesi ugonjwa ukipita. Utarudi dukani kwa miguu yako, na hakuna askari aliyekusukuma.

Hiyo ndiyo kufuli. Haikuandikwa katika mkataba, imewekwa ndani ya damu ya mnyama. Mtaalamu wa nasaba Roger Doyle aliandika juu yake mwaka 2016, akaonya jambo jingine baya zaidi: kwamba vituo vingi vya watu wadogo huko nchi za joto vinawazalisha watoto hao hivyo hivyo, kwa kuwa havina fedha ya kununua wazazi wapya kila mara, na kwamba damu iliyokaribiana namna hiyo huenda ni sehemu ya sababu ya maradhi kuvuma bwawa hadi bwawa katika Asia. Yaani tajiri anafunga kufuli, masikini anajaribu kuivunja kwa jiwe, na mlango unawaangukia wote.

Jibu la mzee wa Nyamisati ni hili: watoto ni wako, wajukuu si wako.

Wauzaji wanalo neno jingine linalopoteza watu, neno "safi". Mbegu safi, wazazi safi. Mkulima anasikia "safi" anadhani kamba huyo haugui. Sivyo hata kidogo. Maana yake ni kwamba amepimwa na hakuonekana na maradhi fulani yaliyotajwa kwa majina, siku ile, mahali pale. Ni kama mtoto aliyelelewa ndani ya chumba akafungiwa dirisha. Ni mzima, naam, lakini hakuna aliyekuhakikishia kwamba akitoka uani akakutana na upepo atasimama. Kamba anayevumilia ugonjwa ni jambo la pili, nalo linahitaji kuchaguliwa kwa makusudi. Tena hapo pana siri nyingine ambayo matangazo ya biashara hayaitaji. Ugonjwa uitwao Taura, uliochukua jina la mto wa Ecuador, ulipoonekana mwaka 1992, wataalamu wa Hawaii walichagua koo zilizovumilia ugonjwa huo, na katika majaribio yao wakaona kwamba kamba hao walikua polepole kidogo kuliko wenzao. Huwezi kuvuta ncha zote mbili za kamba kwa mara moja. Ni lazima mtu aamue: upesi au uvumilivu? Na anayeamua ni mwenye daftari.

Mwenye daftari anaamua kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mteja wake mkubwa, mwenye mashine za kupuliza hewa bwawani usiku na mchana, umeme usiokatika, chakula cha magunia chenye unga wa samaki. Mbegu iliyochaguliwa katika starehe hiyo itafanya nini katika bwawa la kikundi cha vijana linalojazwa kwa maji ya bamvua, umeme ukiwaka ukipenda? Chifu wa mjini hawezi kuwa mpagazi wa safari kwa siku moja.

Tutazame wenzetu waliotangulia, maana hatuko peke yetu duniani. Thailand ilikuwa na kamba wake mkubwa mwenye mistari, akizalishwa kutokana na wazazi waliovuliwa baharini. Maradhi yalipozidi na ukuaji ukapungua, mwaka 2002 serikali yao ikaruhusu wazazi wa kamba mweupe kuingia, na katika miaka michache mweupe akawa ndiye kila kitu. Utajiri ulikuja, sikatai. Kisha mwaka 2012 ukaja ugonjwa unaoua vifaranga mapema, unaoletwa na bakteria aliyejipatia sumu, na mavuno ya Thailand yakaanguka, mwaka 2013 yakawa kiasi cha nusu ya yale ya 2011. Aina moja, koo chache, nchi nzima, pigo moja. Mkulima wa migomba atanielewa bila maelezo.

India nayo ilifungua mlango mwaka 2009, kwa utaratibu wa karantini huko Chennai ambapo kila mzazi anayetoka nje hupimwa kabla ya kufika kituoni. Leo India ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kamba duniani. Lakini Wahindi si wajinga. Baada ya miaka kumi na zaidi ya kununua wazazi kila mwaka kwa fedha za kigeni, waliona shingo yao iko wapi. Mwaka 2022 walianzisha mpango wa taifa wa kuchagua mbegu ya Penaeus indicus, kamba mweupe wa bahari yao. Na huyo, ndugu zangu, ni yule yule anayevuliwa Bagamoyo na Rufiji! Aina ile ile inayopigwa chumvi na kuanikwa na mama zetu, Wahindi wanaiandikia daftari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ecuador, nchi ndogo, isiyo na kiburi. Mwaka 1999 ugonjwa wa madoa meupe uliingia katika mabwawa yao. Mwaka 1998 walikuwa wameuza nje kama tani 115,000. Mwaka 2000 hazikufika 40,000. Watu walilia. Mabwawa yalikauka. Wangeweza kuagiza mbegu ya Hawaii wakaanza upya kama wateja. Wengi wao walifanya lililo gumu: waliwatazama kamba waliobaki hai katikati ya maiti, wakawachukua hao, wakawazalisha, wakawarudisha katika mabwawa yale yale yenye ugonjwa, wakachagua tena waliobaki. Waliwafuga kwa nafasi, si kwa kubanana. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja wala miwili. Mwaka 2022 Ecuador iliuza nje zaidi ya tani milioni moja, ikawa ya kwanza duniani. Kwa mbegu iliyopikwa katika jungu la nyumbani.

Na sisi Waafrika tumekwisha kuonja upande wa pili wa mambo haya, ijapokuwa wengi hawajui. Mwaka 1988 na 1989 watu wa taasisi ya kimataifa walikuja kuchukua perege wa mto Nile hai kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawapeleka Ufilipino, wakawachanganya na kuwachagua kwa ustadi mkubwa, akapatikana samaki anayekua haraka anayeitwa GIFT, maana yake zawadi. Zawadi kwa nani? Asia ikamfuga. Mwaka 1999 kampuni ya Norway ikaingia mkataba wa kuuendeleza ukoo huo kibiashara. Afrika, mama aliyemzaa, kwa miaka mingi hakurudishiwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba samaki huyo angeweza kutoroka akaharibu damu ya perege wa porini. Sababu hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu. Lakini angalieni mzunguko: damu ya porini ni yetu, hatari ni yetu, daftari ni la wengine.

Wapo watakaosema kijana huyu anachochea chuki juu ya kila kitu cha kigeni. La hasha. Mahindi ya kwanza ya mchanganyiko yaliyotolewa Kitale mwaka 1964 yalitokana na mahindi ya Kenya kuchanganywa na mahindi ya Ecuador, na watu wakala wakashiba. Kuchanganya damu si dhambi. Hoja yangu ni nani anayeshika kitabu, na je, akiamua kesho kupandisha bei au kufunga duka, mkulima wetu atabaki na nini mkononi.

Wengine watasema, na hawa wana hoja nzito zaidi, kwamba kamba wetu wa porini naye ana maradhi. Ni kweli. Ugonjwa wa madoa meupe ulithibitishwa Msumbiji mwaka 2011 na Bukini mwaka 2012, na mkondo wa bahari hauombi pasi. Tena ni kweli kwamba kamba mwenye mistari ni mkaidi. Akiwa tangini hapendi kuzaa kama yule mweupe wa Pasifiki. Kazi ya kumzoesha ni ya miaka, labda kumi, na itakula fedha kabla ya kutoa hata senti moja. Nayasema haya wazi kwa sababu Chama kisichowaambia watu gharama ni chama cha wachuuzi. Lakini Bukini waliifanya. Kampuni iliyoko huko ilianza kuwazoesha kamba wenye mistari wa maji ya kwao, na katika miaka ya karibuni vituo vya India vimekuwa vikinunua wazazi wa aina hiyo kutoka Hawaii na kutoka Bukini. Kamba wa upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ni tofauti na wa Asia. Mali hii haipatikani pengine. Mnunuzi anajua thamani yake. Sisi tunaiuza kwa kilo sokoni Feri.

Na jambo la ardhi lisisahauliwe. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kampuni binafsi wa mabwawa ya maelfu ya hekta katika delta ya Rufiji, ndani ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Siku zile ufugaji wa kamba mwenye mistari ulitegemea wazazi waliovuliwa baharini. Tungetoa mikoko, tungetoa wazazi, tungetoa vibarua. Watu wa delta walikataa, wakaenda mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa. Wazee wale hawakusoma nasaba chuoni, ila waliona kwamba katika mradi mzima hakukuwa na kitu ambacho mjukuu wao angekirithi.

Basi tunataka nini? Tunataka fedha ya umma ijenge kituo cha mbegu cha taifa kabla ya kuruhusu meli moja ya mbegu za nje. Kituo kianze na wazazi wa porini kutoka mahali mbalimbali, Ruvuma, Rufiji, Wami, ili damu iwe pana, koo zisipungue makumi kadhaa, na zigawanywe katika sehemu mbili zilizo mbali ili ugonjwa ukiingia huku usimalize kule. Wachaguliwe katika mabwawa kama yatakayotumiwa na wananchi, si katika matangi ya maonyesho. Vijana wetu wa vyuo wafundishwe kazi hiyo hapa hapa. Vyama vya ushirika vya wafugaji viwe na viti katika bodi, na kura. Na mtu yeyote anayetaka kuchukua kamba mzazi hai wa maji yetu kumpeleka nje, atoe mkataba wa kugawana faida, kama Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inavyozipa nchi haki ya kudai.

Hoja hii nitaileta katika mkutano mkuu wa wilaya. Matawi ya pwani yanayokubali kuiunga mkono yapeleke majina ya wajumbe wawili kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, na mmoja wao awe mvuvi.